Tulichomelea Boti Bladensburg

Kila nikienda Mwanza likizo, kuna mtu ataniuliza Marekani nafanya kazi gani. Nikisema kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa nachomelea boti za chuma, karibu kabisa na Washington, wengine hucheka wakidhani natania. Wanaoamini huuliza: sasa kwa nini uliacha? Sikuacha. Karakana ilifungwa, na namna ilivyofungwa bado imenikaa kooni.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye chelezo cha Mwanza, pale meli za ziwani zinapopandishwa nchi kavu kutengenezwa. Mama alikuwa akinituma mchana nimpelekee chakula, nami nilichelewa makusudi kuondoka. Baba aliniruhusu nitazame kazi ikishapoa. Alipitisha kidole juu ya mshono wa chuma akaniambia, "Unaona? Uwe kama ukili wa mkeka. Umelala, umeshikana, hauna haraka." Lakini siku nilipojaribu kushika kifaa chenyewe alininyang'anya. "Kazi hii inakula macho. Wewe utasoma."

Nilisoma. Nikaolewa na mtu aliyepata nafasi ya masomo Marekani, nikamfuata, na ndoa ikavunjika kabla hata sijazoea baridi. Nikabaki Hyattsville, nje kidogo ya Washington, na binti yangu mdogo, nikipanga maboksi kwenye ghala, nimesimama kutwa nzima, na mtu akipita nyuma yangu na saa mkononi. Chuo kimoja cha jirani kilikuwa na darasa la kuchomelea kila Jumamosi. Nilijiandikisha bila kumwambia mtu. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu, na mwalimu alinisimamisha karibu na mlango, nadhani ili nisisumbue nikiamua kuondoka.

Sikuondoka. Nilipomaliza, nikasikia kwamba Bladensburg, kando ya mto Anacostia, kuna karakana ya boti inatafuta watu.

Ilikuwa banda moja la mabati, uwanja wenye matope na reli fupi inayoteremka majini. Mwenyewe alikuwa Mskoti, mzee mrefu aliyeinama mabega, mwenye Kiingereza kigumu ambacho hata Wamarekani walimwomba arudie. Hakuniuliza cheti. Alining'iniza vipande viwili vya chuma juu ya kichwa changu akasema niviunganishe. Kuchomelea juu ya kichwa ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, maana cheche zinakurudia mwenyewe. Moja iliniingia shingoni ikateremka mpaka kifuani. Niliuma meno, sikutikisika. Nilipomaliza alikibana kile chuma kwenye jiliwa akakipiga nyundo mpaka kikapinda. Mshono haukupasuka.

"Nani amekufundisha?"

"Baba yangu," nikasema. Ilikuwa kweli nusu tu.

"Alikuwa anajenga meli?"

"Alikuwa anazitengeneza. Kwenye ziwa."

Alinitazama upya, kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali. "Na mimi baba yangu," akasema. "Na babu yangu. Njoo Jumatatu."

Wakati huo tulikuwa watu watano. Fundi mkuu alikuwa Mkongo wa Kalemie, mtu mzima kunizidi, aliyejifunza chuma kwenye boti za Ziwa Tanganyika. Siku ya kwanza alinisikia naongea na binti yangu kwenye simu akaacha grinda yake ikizunguka bure.

"Mama, unasema Kiswahili?"

"Nasema, mzee. Natoka Mwanza."

"Mwanza! Basi tuko bandugu. Weye ziwa yako, miye ziwa yangu." Akacheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo tulifanya kazi pamoja, yeye na Kiswahili chake cha Kalemie, mimi na changu cha Mwanza, na tukigombana tuligombana kwa Kiswahili ili wengine wasijue.

Wenyeji wanasema zamani meli kubwa zilifika Bladensburg kupakia tumbaku. Mimi niliukuta mto umejaa tope, maji yakipwa unaona matairi, matoroli ya dukani na mifuko iliyojinyonga kwenye mizizi. Ule uchafu ndio uliotulisha. Serikali na vyama vya watu wapenda mazingira walikuwa wameamua kuusafisha mto, wakataka mashua bapa zenye mkanda wa chuma mbele, unaozoa takataka na kuzimwaga kwenye kapu kubwa nyuma. Mskoti alichora ya kwanza kwa penseli. Tuliijenga miezi mitano. Siku ya kuishusha alimwaga wiski kidogo kwenye pua ya boti, akanywa iliyobaki, akaisindikiza kwa mkono ikiteremka kwenye reli, na ilipoelea sawasawa, haijainama upande wowote, alijifuta macho kwa mkono wenye glavu chafu akabaki na mstari mweusi shavuni. Hakuna aliyemwambia.

Baada ya hiyo zikaja oda nyingine, kutoka mito mingine, miji mingine. Tukajenga na matishali madogo ya kubebea mchanga, na magati ya kuelea. Banda la pili likasimama. Meza ya chakula ilikuwa moja, zikawa tatu: wa El Salvador, Wamarekani weusi wa pale pale, Mwethiopia aliyepaka boti rangi, na Mkenya mmoja aliyekaa miezi minne kisha akatuambia chuma si kazi ya mtu aliyesoma. Nilipandishwa nikawa naangalia mishono ya wengine. Nilikuwa napitisha kidole kama baba. Nilimpigia simu Mwanza nikamwambia. Akasema tu, "Vaa miwani." Kwangu hiyo ilikuwa baraka.

Mskoti alikuwa na hadithi moja, na sote tuliijua. Kwao kulikuwa na karakana kubwa ya meli kando ya mto. Babu yake alisema ilianza na vibanda viwili, na kufikia wakati wa baba yake kuta zake zilikuwa ndefu kama mtaa. Saa ya kutoka ikilia, barabara ilijaa kofia tupu, huoni lami. Meli ikishushwa, shule zilifungwa ili watoto waje kuona, na wimbi lake lililowesha miguu ya watu wa ng'ambo. Mji mzima ulikula humo. Yeye aliingia kijana, akafuzu ufundi, akachomelea meli tatu. Halafu oda zikapungua. Mabosi wakawaambia wavumilie, meli nyingine inakuja, mkataba uko mezani. Wakavumilia. Wengine wakakataa kazi kwingine. Asubuhi moja wakakuta karatasi kwenye geti. Baba yake alisimama pale mpaka adhuhuri na mfuko wake wa chakula mkononi, akisubiri mtu atoke ndani aseme neno. Hakutoka mtu.

"Si kufunga kulikomuua baba," Mskoti alisema kila mara. "Biashara hufungwa. Kilichomuua ni kwamba hakuna aliyekuwa na adabu ya kumtazama usoni." Halafu alituzungushia macho mezani. "Hapa, habari mbaya ikija, mtaisikia kutoka kinywani mwangu."

Mkongo, ambaye bosi alimwita patron, alikuwa akiniambia, "Unaona patron? Ule ni mutu." Nami niliamini. Kwa nini nisiamini? Mtu hawezi kukionyesha kidonda chake kila wiki halafu akakufanyia kile kile.

Mto ulianza kubadilika. Maji yalipungua harufu. Ndege wenye miguu mirefu walirudi wakasimama kwenye tope letu. Kisha wakaja watu. Kwanza wa baiskeli, halafu wa mitumbwi ya plastiki ya rangi rangi, halafu wenye mbwa. Walisimama kwenye uzio wakatutazama kama vile sisi ndio tuliohamia. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa upole kama hizi kelele zitaendelea mpaka lini. Nilimwambia hizi kelele ndizo zilizomsafishia mto. Alitabasamu, hakunielewa, akaondoka na mbwa wake. Upande wa pili wa barabara nyumba za zamani zikaanza kuvunjwa, na majumba ya ghorofa tano yakapanda na mabango ya watu wanaocheka wakinywa mvinyo.

Masika yale wakaja wanaume wawili na vifaa vya kupimia ardhi. Walipima uwanja wetu kona hadi kona. Mkongo aliniita nyuma ya tishali.

"Mama, bale batu banapima nini?"

"Sijui, mzee."

"Uende uulize. Weye anakusikiaka."

Nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza. Siku chache nyuma, karakana moja ya mabomba huko Virginia, karibu na Falls Church, ilinipigia simu. Kazi ya ndani, ya kudumu, yenye bima nzuri. Walitaka jibu ndani ya wiki. Nilimkuta Mskoti ofisini anasafisha miwani kwa shati.

"Bosi, nimeitwa kazi mahali pengine. Nimewaambia nitafikiri. Nataka uniambie ukweli. Unauza hapa?"

"Nani kasema nauza?"

"Wale wanaopima."

"Watu wa bima wale. Wanataka kujua maji yatafika wapi mto ukifurika." Akavaa miwani, akanitazama. Alinitazama usoni, hilo silisahau. "Nimewahi kukudanganya? Kaa. Nina boti ya kumaliza na sina mtu mwingine wa kuangalia mishono. Mimi hapa watanitoa nimekufa."

Niliikataa ile kazi ya Virginia. Niliwapigia nikiwa pale pale uwanjani, na nakumbuka nilijivunia, nikajiona mtu mwenye msimamo. Jioni nilimweleza binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa sekondari. Yeye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. Aliniuliza swali moja tu: alikuandikia popote? Nilimgombeza. Nilimwambia kwetu neno la mtu mzima si karatasi.

Ile boti tuliimaliza mwishoni mwa kiangazi. Ilikuwa kubwa kuliko zote tulizowahi kujenga, na ndiyo iliyotoka safi kuliko zote. Tuliishusha Ijumaa. Mskoti alileta keki na wiski, akaimwagia pua ya boti kama kawaida. Boti ilipovutwa na kuondoka, alizunguka akatushika mkono kila mmoja. Kwangu aliushika mkono muda mrefu, akasema, "Kazi nzuri. Baba yako angefurahi." Niliona macho yake mekundu, nikasema moyoni, mzee huyu anapenda boti zake.

Jumatatu geti lilikuwa na mnyororo mpya.

Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kwa waya. Watu walikuwa wamesimama na chai zao. Mkongo Kiingereza cha kusema alikuwa nacho, cha kusoma kilimpa shida. Alinivuta mkono. "Nisomee." Nikamsomea kwa Kiswahili: kwamba kuanzia siku ile shughuli za mahali hapa zimekoma, kwamba ardhi ina mmiliki mpya, kwamba vifaa vya mtu binafsi vitatolewa na mlinzi, kwamba tunashukuriwa kwa utumishi wetu.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Kinywa yake iko wapi?" akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi. "Alisema kinywa yake."

Ndani alikuwepo mlinzi ambaye hatujawahi kumwona, kijana mwenye adabu, hana kosa. Alitoa vitu vyetu kupitia upenyo wa geti: kofia zangu mbili za kuchomelea, glavu, sweta niliyoiacha msimu uliopita, kikombe cha mtu. Grinda ya Mkongo, ile aliyoinunua mwenyewe na kuichora herufi kwa rangi nyekundu, haikuonekana. Mlinzi alisema hana ruhusa ya kutafuta. Mkongo alimwelekeza kwa kidole, kabati lile pale, rafu ya pili, linaonekana kutoka hapa. Mlinzi alirudia kwamba hana ruhusa. Yule mzee wa watu, aliyeinyoosha kila boti iliyotoka pale, alishika mnyororo kwa mikono miwili akautikisa mara moja. Kisha akauachia polepole, akatazama kama umechafua viganja vyake.

Sikwenda nyumbani. Niliingia kwenye gari, nikashika barabara ya mzunguko na foleni yake yote, nikavuka mto mpaka Falls Church alikokuwa anaishi Mskoti. Nilikuwa nimewahi kufika kwake Krismasi moja, na binti yangu, tukala bata. Alifungua mlango mwenyewe, na ndala miguuni. Hakushtuka. Nadhani alikuwa amesubiri, ila si mimi.

"Karibu ndani," akasema.

"Siingii. Ulisaini lini?"

"Jambo hili lina mambo mengi..."

"Lini?"

Alitazama kizingiti. "Mwezi wa pili."

Nilihesabu. Wapimaji walikuja masika. Nilipomuuliza ofisini, akasafisha miwani, akanitazama usoni, alikuwa ameshauza.

"Ningewaambia, mngeondoka mmoja mmoja," akasema. "Ile boti isingeisha. Mkataba wangu wote ungeharibika. Na deni la banda la pili..." Akaacha. "Nilikusudia kuwaambia Ijumaa. Nilikuwa nayo kinywani. Nikawaona mmefurahi."

"Kwenu waliweka karatasi kwenye geti."

"Najua."

"Baba yako akasimama mpaka adhuhuri."

"Najua. Ni baba yangu yule." Alinyanyua uso, na kwa mara ya kwanza nikaona ana hasira, si aibu. "Sasa nawaelewa, wale mabosi. Zamani nilidhani hawakuwa na roho. Kumbe walikuwa waoga tu. Ni jambo gumu mno, hujui."

Nilitaka kumwambia maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, kwa Kiswahili, yakiwa makali na mazuri. Lakini Kiingereza changu cha hasira ni kifupi. Nilisema tu, "Wewe ulijua inavyouma. Wao pengine hawakujua."

Aliingia ndani akarudi na bahasha. Barua ya kunisifu, imeshaandikwa, imeshasainiwa, yenye jina langu lililoandikwa bila kosa. Kumbe alipata muda wa kuandika barua. Niliipokea. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mtoto wa sekondari, nikaipokea, na mdomo wangu, kwa mazoea ya malezi, ukasema asante. Hiyo asante inaniuma mpaka leo kuliko ule mnyororo.

Karakana ya mabomba ya Virginia walikuwa wameshapata mtu. Nilirudi ghalani Hyattsville kwa miezi tisa, kwenye maboksi yale yale, chini ya msimamizi aliyekuwa mdogo kwangu. Baadaye nilipata kazi ya kuchomelea ngazi na vizuizi vya roshani, na ndiyo niliyo nayo. Ni kazi ya heshima. Lakini ngazi haielei. Hakuna siku unayoisukuma majini ukaona kama mshono wako ulisema kweli au uongo.

Mkongo hakuchomelea tena. Mahali pote alipokwenda walimtazama umri kabla ya mikono. Akawa anapeleka vifurushi kwa gari lake, mgongo ukamharibikia, na Kiswahili chake kikawa cha malalamiko. Kwenye uwanja wetu yakasimama majumba ya kupanga. Mlangoni wameweka nanga kubwa ya chuma iliyopakwa rangi nyeusi, na kibao kinachosifu historia ya bandari, meli za tumbaku na kila kitu. Sisi hatumo. Boti zetu hazikuwahi kuwa na nanga ya namna ile, ingezizamisha.

Mskoti alifariki mwaka jana. Mkewe alinipigia mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha, akanipa siku na kanisa. Nilimpa pole na ilikuwa pole ya kweli, maana yeye hakunikosea. Mkongo akanipigia baada yake.

"Mama, tuende pamoja. Nitakupitia."

"Siendi, mzee."

"Mutu akifa, maneno yanaisha."

"Yake yameisha. Yangu bado."

Kisha akasema atakwenda peke yake, kwa kuwa yeye ni mkubwa na mkubwa huzika.

Jumapili alipita kwangu, na suti yake ya kijivu, akakaa jikoni nikampa chai. Aliniambia watu walikuwa wengi, majirani, wazee wa kanisa. Kutoka karakana alikuwa yeye tu. Mchungaji alisema marehemu alitoka kwenye familia ya mafundi, aliujua uchungu wa mfanyakazi, na alijenga mahali ambapo kila mtu alitazamwa usoni.

"Na wewe ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nilisema amina," akajibu. "Batu bote balisema."

Binti yangu alikuwa mezani, amekuja kutoka kwake na nguo zake za kufua, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Aliuliza kwa Kiingereza kwa nini tu nisimsamehe, mtu ameshakufa, itanipa amani. Huku wanafundishwa hivyo, kwamba msamaha ni dawa ya aliyekosewa. Nilimwambia marehemu hasemwi vibaya, hata mimi nimelelewa hivyo, na ndiyo maana sikwenda kanisani. Ningekwenda ningesema. Mkongo akasukuma kikombe chake mbele, akaomba sukari zaidi, nami nikasimama kumletea.